Kutafuta sarafu za fedha Mombasa: anza na bamvua

Kila anayeulizia shughuli hii ya wikendi huanza na detekta, ile mashine ya kugundua metali zilizofukiwa: ipi, bei gani, inafika chini kiasi gani. Wewe anza na mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio huleta bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na hapa Mombasa maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ikipita mita tatu. Mchanga unaofunikwa siku nyingine zote hapo huwa wazi kwa muda mfupi. Fika masaa mawili kabla, yafuate maji yakishuka, rudi nayo yakipanda. Jumamosi ikiwa ya bamvua, inayofuata huwa ya maji mafu, yanayopwa kidogo tu. Hiyo itumie kwenye mchanga mkavu, chini ya mivinje, pale watu wanapotandika mikeka.

Sasa mashine. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo detekta ya masafa mamoja (frikwensi moja), ambayo hufanya kazi vizuri kwenye mchanga mkavu, ikifika majini hulia ovyo. Nunua ya masafa mengi kwa pamoja. Zile za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipigo vifupi vifupi, hazisumbuliwi na chumvi, lakini hazitenganishi vizuri chuma na fedha, utachimba misumari mpaka uchoke. Ukiwa na ya masafa mamoja, punguza wepesi wake wa kuhisi hadi kelele itulie, na kubali kupoteza kina. Kosa linalowaharibia wengi ni kuinua koili, ile sahani ya chini ya detekta, mwisho wa kila mzungusho: kwenye mchanga wenye chumvi, kuinuka huko peke yake hutoa mlio wa uongo. Shika koili sentimita mbili au tatu juu ya mchanga, kimo kimoja tu, kila mzungusho ufunike nusu ya uliotangulia.

Kabla ya kwenda popote, tafuta shilingi moja ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima. Ifukie kwenye mchanga kwa sentimita 5, kisha 10, 15, 20, usikilize kila kina. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, uzito wake gramu 7.8, kwa hiyo usitegemee kuona kwenye kioo cha detekta nambari ya juu inayotolewa na fedha halisi. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe ingawa sura ni karibu ile ile, basi soma mwaka. Florini ya 1920 ni nusu fedha. Rupia ya India, ambayo watu wa pwani hii waliitumia miaka mingi, ni gramu 11.66 na fedha yake ni 917 kwa elfu.

Hapo kwenye rupia simama kidogo, maana hili linanigusa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Zile rupia zenye jina la Mombasa na mwaka 1888 zimo humo. Ukikutana na moja bila kukusudia, usiendelee kuchimba. Andika mahali penyewe na utoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba; Fort Jesus wapo. Mji wa Kale, magofu ya Jumba la Mtwana na Mnarani, na kaya zote, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, usiingie na detekta kabisa. Sarafu ikishatolewa kwenye tabaka lake bila kuandikwa, historia yake imekufa, na hakuna atakayeirudisha. Kwenye fukwe zilizo ndani ya hifadhi ya bahari, uliza kwanza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Ufukweni, vitu vizito hukusanyika kwenye mistari. Ukipata chubwi mbili tatu za wavuvi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, karibu karibu, umeshika mstari: fuata sambamba na maji, usipande wala kushuka. Ukipata vizibo vya soda na karatasi za kung'aa za sigara pekee, hama.

Mlio ukija, pitisha koili upande mmoja, kisha geuka robo duara upitishe tena. Palipokatana msalaba ndipo ilipo. Chota pana, sentimita kumi nyuma ya alama. Ukichota katikati kwenye mchanga wa maji, shimo huporomoka na sarafu huzidi kuzama. Kichoteo cha chuma kisichoshika kutu chenye matundu ya milimita 10 mchomeleaji yeyote anaweza kukutengenezea, na hata senti hamsini haitapita. Kiweke mbali na koili unapopima. Fukia kila shimo, watoto hukimbia hapo.

Nyumbani, usiguse ndimu wala ukwaju. Najua ndivyo tunavyong'arisha shaba, lakini asidi hula shaba iliyochanganywa na fedha, na shilingi hutoka ya waridi yenye vijishimo. Loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, ubadilishe kila siku kwa wiki nzima, kisha ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini bila kusugua. Ihifadhi ndani ya bahasha ya karatasi, si vifuko vya plastiki laini vinavyoacha utelezi wa kijani, na juu yake andika tarehe, ufuo, kina na hali ya maji.