Kuendeleza riwaya za marehemu: je, ni kumdhulumu maiti?

SWALI: Assalamu alaykum, Shehe. Napenda sana riwaya za upelelezi. Nilisoma zile tatu za Stieg Larsson wa Uswidi, aliyefariki 2004 kabla hata ya kwanza haijatoka. Kuanzia 2015 David Lagercrantz akatoa nyingine kwa wahusika walewale. Ndugu yangu ananiambia kuzisoma hizo mpya ni kushirikiana na waliomwibia maiti. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Hapana, si kweli, na ndugu yako amelitamka neno zito.

Kumalizia kazi ya marehemu tumekuzoea sisi wenyewe. Tafsiri ya Qur'ani iitwayo Jalalayn, inayosomeshwa darsani miaka nenda miaka rudi, ni kazi ya Majalali wawili. Jalaluddin al-Mahalli alifasiri kuanzia Suratul Kahf hadi mwisho wa msahafu, akarudi kwenye al-Fatiha, kisha mauti yakamfika mwaka 864 Hijria. Mwaka 870 akaja Jalaluddin as-Suyuti, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akaandika kuanzia al-Baqara hadi al-Israa kwa mtindo uleule, kwa siku arubaini tu. Mshono huuoni. Lakini hakuuficha: alibainisha sehemu iliyo yake, asije akambebesha mwenzake makosa asiyoyafanya. Vivyo hivyo Imamu Nawawi alifariki hajaikamilisha al-Majmuu, kitabu chake cha fiqhi, na Taqiyuddin as-Subki akaiendeleza.

Basi la kwanza ni ukweli wa jina. Lagercrantz aliandika kwa jina lake, likawekwa kwenye jalada. Laiti angemsingizia marehemu maneno yasiyo yake, ningekujibu vingine kabisa.

La pili ni ruhusa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanazuoni wa fiqhi, ilipokutana Kuwait mwaka 1988 iliamua kwamba haki ya utunzi ni mali yenye thamani na haijuzu kuivamia. Mali hurithiwa. Larsson hakuacha wosia uliokubalika kisheria, kwa hiyo mali yake ikaenda kwa baba na ndugu yake, na hao ndio waliomruhusu Lagercrantz. Hapo pameibwa nini?

Najua kinachomuuma ndugu yako, nami kinaniuma. Eva Gabrielsson, aliyeishi na Larsson zaidi ya miaka thelathini bila ndoa, hakurithi kitu, na alizipinga waziwazi riwaya hizo mpya. Kwetu pia asiye na ndoa hana fungu la mirathi. Ila mlango wa wasia uko wazi hadi theluthi ya mali, na Mtume (s.a.w.) amesema haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Mwandishi anayeacha miswada bila kusema nani aishike, iendelezwe au isiendelezwe, anawaachia walio hai ugomvi. Kama nawe unaandika, andika na hilo, tena mbele ya mashahidi.

Ama madhambi yaliyomo katika vitabu vipya hayamfikii aliyekufa bila kuyaagiza: "wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwengine" (al-Israa, 15). Wewe msomaji pima kila kitabu kwa kilichomo. Kinachopamba zinaa na ukatili kiache, awe amekiandika wa kwanza au wa pili.

Wallahu aalam.