Kwa nini namba za simu za wateja zimegeuka 2147483647?

SWALI: Nimetengeneza mfumo mdogo wa wateja wa duka la pembejeo, kwa MySQL, programu ya kanzidata. Kila namba ya simu ninayoiingiza kwa kuanza na 255 inahifadhiwa kama 2147483647. Rafiki yangu anasema hiyo ni namba tasa. Je, utasa wake ndio chanzo? Na nirekebisheje?

JIBU: Kwanza simamisha kuingiza wateja wapya, ndugu yangu, maana kila namba inayoingia sasa inapotea. Safu ya simu umeiweka aina ya INT, yaani namba nzima, yenye biti 32, nafasi za 0 au 1. Biti moja hushika alama ya hasi au chanya, na 31 zilizobaki ndizo zinazobeba namba. Zote zikiwa 1 unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, yaani hiyo 2147483647. Ndio ukomo wake. Ukomo huo una tarakimu 10, wakati simu inayoanza na 255 ina 12. MySQL isipowekwa kukataa data iliyozidi, huandika ukomo, hutoa onyo tu, kisha huendelea na kazi.

Badili safu iwe VARCHAR(15), yaani maandishi yasiyozidi herufi 15, kisha uingize namba upya kutoka kwenye daftari au risiti, kwa sababu kwenye jedwali hazimo tena. Usikimbilie BIGINT, aina ya namba nzima kubwa zaidi. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, na mteja akiandikwa kwa 07 ile sifuri ya mwanzo itapotea.

Rafiki yako amesema kweli, na hapa ndipo ninapopapenda. Ukichukua 2 kwa kipeo fulani, ukatoa 1, kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwi tasa. Lakini kipeo tasa peke yake hakitoshi: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, ambayo ni 23 × 89. Kwa hiyo 31 ilihitaji uthibitisho, na mwanahisabati Leonhard Euler aliutoa mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Ilibidi kupima vigawo hadi 46340 tu, kwa kuwa kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46341. Tena kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 62 lazima kibaki 1, na ukikigawa kwa 8 kibaki 1 au 7. Baada ya mchujo huo zinabaki namba zisizofika 400 za kujaribu. Kwa mkono inawezekana!

Ila utasa huo haukuiharibu kanzidata yako. Ungechagua INT isiyo na hasi, wateja wangeandikwa 4294967295, na hiyo si tasa hata kidogo: ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537.