Zile Sifuri Usizifute: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Grafu

Safari hii maswali mengi yamehusu grafu za masomo ya sayansi, na nimeyachagua manane. Hapa ndipo wanafunzi wenye akili nzuri hupoteza alama bure. Hapa pia ndipo, kwa uzembe wetu walimu, hujifunza kudanganya bila kujua kwamba wanadanganya. Kwa hiyo nisameheni nikisema zaidi ya nilichoulizwa.

Kipi kinakaa kwenye mhimili wa x na kipi kwenye y? Nachanganya kila siku. (Mwanafunzi wa sekondari)

Swali hili hunifikia karibu kila mara, na jibu ni lile lile. Kile unachokipanga na kukibadilisha wewe mwenyewe kinalala, yaani mhimili wa x. Kile unachongoja uone kitakavyokuwa, ndipo ukipime, kinasimama, yaani mhimili wa y. Kama bado hujui kipi ni kipi, basi hujaelewa jaribio lako linauliza nini, na karatasi ya grafu haitakusaidia. Rudi kwenye jaribio.

Zipo desturi zinazokwenda kinyume. Kwenye springi, wengi huweka nguvu wima ingawa mizigo wameining'iniza wenyewe, kwa sababu hapo mteremko wa mstari, yaani kiasi unachopanda kwa kila hatua ya mlalo, unawapa ugumu wa springi moja kwa moja. Ruhusa ipo, ila ujue kwa nini umefanya hivyo.

Wanafunzi wangu wakishaweka nukta, wanaziunga moja moja kwa rula mpaka grafu inakuwa kama meno ya msumeno. Nimewakataza, hawasikii. (Mwalimu wa fizikia)

Hawasikii kwa sababu umewakataza bila kuwaambia ubaya uko wapi. Anayeunga nukta moja hadi nyingine anatoa madai mazito: kwamba kila kipimo chake ni sahihi kabisa, na kwamba kati ya kipimo na kipimo mambo yalikwenda vile vile rula ilivyopita. Hakuna aliyeshika kipimajoto anayeweza kuapa hivyo. Nukta ni ushahidi, mstari ni maelezo yako juu ya ushahidi huo. Ndiyo maana mstari hupita katikati ya nukta, nyingine zikabaki juu na nyingine chini, na si lazima uguse hata moja. Si lazima uwe mnyoofu pia. Nukta zikipinda, pinda nazo, kwa mkono, bila rula.

Lakini ngoja nikueleze ugonjwa mkubwa kuliko huo. Niliwahi kusimama nyuma ya mwanafunzi aliyekuwa akipasha barafu iliyopondwa, anasoma kipimajoto kila dakika na kuandika: −4, −2, 0, 0, 0, 0. Akatazama daftari la jirani. Akachukua kifutio, akafuta sifuri tatu za mwisho, akaandika 1, 2, 3. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa heshima zote: "Kipimajoto kimekwama, Mwalimu. Moto unawaka, lazima joto lipande."

Mtoto yule alikuwa ameona kwa macho yake jambo kubwa kuliko yote katika jaribio lile, akalifuta. Gramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 inahitaji takriban jouli 334 ili iyeyuke tu, bila kupanda hata uzi mmoja. Nishati hiyo hiyo ingetosha kuipandisha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Ule mstari unaolala kwenye sifuri, ambao yeye aliuona ni aibu, ndio somo lenyewe. Nilimwomba arudishe sifuri zake, na kipindi kizima kilichobaki tulikitumia kuzizungumzia.

Hakukosa akili. Alikuwa amefundishwa, tena na sisi, kwamba grafu nzuri ni ile inayopendeza. Tunagawa alama kwa unadhifu, kisha tunashangaa vipimo vinatoka vimenyooka kuliko vifaa vyenyewe vinavyoweza kupima. Nakuomba mwalimu mwenzangu, usitamke "nukta mbaya" mbele ya darasa. Nukta iliyokaa mbali na wenzake izungushiwe duara, kipimo kirudiwe, na maelezo yaandikwe pembeni. Mwanafunzi akiamua kutoihesabu anapochora mstari, aseme wazi kwamba ameiacha na kwa sababu gani. Kuifuta, hapana.

Penseli au kalamu?

Penseli iliyochongwa vizuri, na nukta iwe alama ndogo ya ×, isiwe doa.

Ni kweli kwamba grafu lazima ianzie sifuri? Mwalimu wangu anasema ndiyo, kitabu kinasema si lazima. (Mwanafunzi)

Wote wawili wana haki, maana wanazungumzia grafu tofauti. Grafu ya nguzo lazima ianzie sifuri, kwa sababu jicho linapima urefu wa nguzo. Chukua thamani mbili, 50 na 52, kisha anzisha mhimili kwenye 48: nguzo ya pili itasimama mara mbili ya ya kwanza, na msomaji atakuwa amedanganywa hata kama kila namba imeandikwa sawasawa. Ukikutana na nguzo za namna hiyo kwenye tangazo au taarifa yoyote, soma namba za pembeni kabla hujaamini.

Grafu ya nukta au mstari haifungwi na sharti hilo. Tazama vipimo vya dioksidi ya kaboni hewani ambavyo Charles David Keeling alivianzisha Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Wakati huo ilikuwa takriban sehemu 315 kwa kila sehemu milioni za hewa, na sasa imepita 420. Kila mwaka mstari ule hupanda hadi kama mwezi Mei, kisha hushuka mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia inapostawi na kuivuta hewa hiyo. Mpando na mshuko huo ni wa sehemu chache tu. Ukianzia sifuri utaubana mpaka karibu upotee, na utakuwa umeficha pumzi ya mimea ya nusu dunia. Ukianzia 300 utaona yote mawili, yale mawimbi ya kila mwaka na ule mpando usiorudi nyuma.

Nyongeza ambayo hukuiuliza: usiulazimishe mstari wako upite kwenye sifuri eti kwa sababu kanuni inasema. Ukipita pembeni, unakwambia kitu kuhusu kifaa chako. Pengine mizani haikurekebishwa, au rula ilisomwa kuanzia ukingoni badala ya kwenye alama ya sifuri.

Nilichora ubaoni grafu ya umbali na muda: mstari unapanda, unalala, unashuka. Nikauliza inasema nini. Darasa zima likajibu kuwa mtu amepanda mlima, ametembea juu, kisha ameteremka. (Mwalimu)

Usiwagombeze. Kosa hili liko kwa wanafunzi wa kila mahali: wanaitazama grafu kama picha. Kuwaandikia maana ya "mteremko" ubaoni hakutaliondoa, maana watakariri maana na kuendelea kuona mlima.

Watoe kwenye madawati. Laza kamba ya mita 10, weka alama kila mita. Mmoja atembee, wa pili ataje sekunde kwa sauti, wa tatu aweke nukta ubaoni. Kisha geuza kazi: wape grafu, wao waitembee. Anayefika sehemu iliyolala itabidi asimame, na darasa litamwona amesimama. Anayefika sehemu inayoshuka atarudi alikotoka, kwenye sakafu ile ile tambarare. Mlima hauko tena. Halafu chora mstari uliosimama wima kabisa, uulize nani anaweza kuutembea. Watajaribu, watabishana, mpaka mmoja atagundua kwamba ingembidi awe mahali pote kwa wakati mmoja.

Hapo hapo, kabla hawajakaa, futa neno "umbali" kwenye mhimili wa wima uandike "mwendokasi". Usiguse mstari. Uliza tena sehemu iliyolala inasema nini. Sasa anatembea bila kupunguza wala kuongeza mwendo! Umbo ni lile lile na habari imegeuka. Kuanzia siku hiyo wadai kila mtu asome mihimili na vizio vyake kwa sauti kabla hajasema neno lolote juu ya mstari. Mimi hufanya hivyo kila kipindi, na sioni haya kurudia.

Kuna haja gani ya kuchora kwa mkono wakati kompyuta inachora kwa sekunde moja? (Mzazi)

Kompyuta itumike, lakini baada ya mtoto kuchora nyingi kwa mkono. Anayechagua skeli mwenyewe, akagundua kwamba kuhesabu kwa tatu tatu au saba saba kunamtesa kuliko kwa mbili mbili au tano tano, anajua skeli ni uamuzi. Asiyewahi kuchagua hudhani skeli imeshuka kutoka mbinguni.

Na kuna mtego. Kwenye programu za majedwali, ukichagua grafu ya aina ya "mstari", mara nyingi kompyuta huzichukua namba za mhimili wa x kama majina tu. Umepima kwenye dakika 0, 1, 2, 5, 10 na 20, yenyewe inazipanga kwa nafasi sawa, na mkunjo wote unaharibika. Chagua aina ya nukta zilizotawanyika. Kazi nyingi zinazoletwa kwangu zimechapwa vizuri na zina kosa hili.

Mtego wa pili ni kuiachia kompyuta iweke mstari bila kutazama nukta. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza majedwali manne, kila moja lina jozi 11 za namba. Wastani wa x ni 9 kwa yote, wastani wa y ni 7.5, na mstari unaotoka kwenye hesabu ni ule ule, y = 3 + 0.5x. Yachore sasa. La kwanza ni nukta zilizotawanyika kandokando ya mstari, la pili ni mkunjo, la tatu ni mstari mnyoofu ulioharibiwa na nukta moja, na la nne ni nukta 10 zilizosimama juu ya x moja na nyingine peke yake mbali. Kwa hesabu hizo majedwali yote ni mamoja, lakini jicho linayatenganisha mara moja.

Natafuta mteremko kwa namba mbili za jedwali, lakini nakatwa alama.

Unastahili kukatwa. Chagua sehemu mbili juu ya mstari wako, zilizo mbali mbali, usichukue namba za jedwali, na andika vizio. Kwenye pendulamu, ukiweka urefu mlalo na mraba wa muda wa mzunguko wima, mteremko huwa kama sekunde mraba 4.03 kwa kila mita. Ukiwa umepima kwa sentimita na kusahau, utaona maajabu.

Naruhusiwa kuurefusha mstari kupita vipimo vyangu? (Mwanafunzi)

Unaruhusiwa, kwa mstari wa vipandevipande, na ukijua unakisia. Gesi iliyopimwa ujazo kati ya nyuzi 0 na 100 hutoa mstari ambao ukirudishwa nyuma hukata mhimili wa joto karibu na nyuzi −273. Ugunduzi mkubwa, ingawa gesi yenyewe hugeuka kimiminika kabla haijafika huko. Springi nayo ukiipa mzigo kupita kiasi huacha mstari na hairudi tena.

Nimalizie na kisa ambacho kila mwalimu wa grafu akijue. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, wahandisi walijadili kama baridi ingedhuru pete za mpira kwenye roketi za chombo cha anga cha Marekani, Challenger. Walitazama safari ambazo pete zilikuwa zimeharibika, na mpangilio haukuonekana wazi. Safari ambazo pete zilitoka salama hazikuwekwa kwenye grafu. Tume ya uchunguzi ilipoziweka zote pamoja, kati ya safari 20 za kwenye joto la nyuzi 19 hivi na kuendelea, 3 tu zilikuwa na hitilafu. Zile 4 zilizoruka kwenye baridi zaidi ya hapo zilikuwa nayo zote. Asubuhi ya Challenger ilikuwa karibu na kiwango cha maji kuganda, chini ya safari yoyote iliyotangulia, kwa hiyo walikuwa pia wakiurefusha mstari kwenda kusikopimwa. Chombo kikarushwa hata hivyo, kikasambaratika angani, na watu 7 waliokuwemo wakafa. Zile safari 17 zisizo na hitilafu zilikuwepo kwenye kumbukumbu muda wote.