Ufunguo wa mafaili ukae kwako

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: je, ni salama kuweka vyeti, hati za kiwanja na picha za familia kwenye huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: nyaraka nyeti zifungwe kwenye kompyuta yako kabla hazijaondoka.

Kampuni zinaposema mafaili yako yamesimbwa, yaani yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, hazidanganyi. Google Drive na Dropbox huyasimba yakiwa njiani na yakiwa kwenye seva, ila ufunguo wanabaki nao wao. Mwizi atakayeiba diski ya seva hataambulia kitu, lakini mahakama ikiamuru, kampuni itafungua. Na mtu mwenye nenosiri lako atafungua kama wewe mwenyewe.

Huyo wa mwisho ndiye wa kuogopwa zaidi. Hapa Kigoma mlango ulio wazi kuliko yote uko steshenari. Mtu anafika Mwanga kuchapisha cheti, anaingia kwenye barua pepe yake kwa kompyuta ya duka, analipa, anaondoka. Cheti kimebaki kwenye foda ya Downloads, na akaunti bado iko wazi, kwa sababu kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Anayekaa baada yake anakuta kila kitu. Kama ni lazima, tumia dirisha la faragha la kivinjari (Incognito), kisha futa faili kwenye Downloads na kwenye pipa la taka. Ikiwa umeshafika nyumbani ndipo ukakumbuka, fungua akaunti ya Google kwenye simu, ingia sehemu ya usalama, tazama orodha ya vifaa, uiondoe ile kompyuta.

Sasa kufunga kwenyewe. Programu ya 7-Zip ni ya bure na inatosha. Bofya foda kwa kitufe cha kulia, chagua kuongeza kwenye kifurushi (Add to archive), yaani faili moja lililobeba yote, weka aina ya 7z, andika nenosiri. Hapo chini kuna kisanduku cha kuficha majina ya mafaili, wengi hukiruka. Usipokiwekea alama, yaliyomo yatafungwa lakini majina yataonekana, na jina kama “majibu ya vipimo vya mama” limeshasema nusu ya siri. Usichague zip badala ya 7z bila kuangalia: kwa aina ya zip programu huanza na ZipCrypto, mbinu ya zamani inayovunjika, wakati 7z hutumia AES-256, mbinu imara ya kusimba. Nenosiri liwe maneno matano au sita yasiyohusiana. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa hukisiwa mapema.

Intaneti ikisuasua, usipandishe kifurushi kizima. GB 2 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa nne, na umeme ukikatika katikati huenda ukaanza upya. 7-Zip hukata kifurushi vipande. Weka MB 50 kila kimoja. Hakikisha vyote vimefika, maana kikikosekana kimoja, kifurushi hakifunguki sawasawa.

WhatsApp ina mtego wake. Ujumbe wenyewe husafiri umefungwa, lakini nakala inayokwenda Google Drive haifungwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe. Kipengele hicho kipo tangu 2021: mipangilio, soga, hifadhi ya soga, kisha nakala iliyosimbwa mwisho hadi mwisho.

Kuna pia suala la nakala kupotea. Foda inayojilandanisha na simu si hifadhi ya kutegemea peke yake: ukifuta huku, kule nako kunafutika, na pipa la Google Drive hushikilia faili kwa siku 30 tu. Google inaweza pia kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, kwa hiyo ile barua pepe uliyofungua kwa ajili ya kuomba chuo si mahali pa kuacha vyeti. Na kampuni nazo hupatwa na majanga. Machi 2021 kituo cha OVH, kampuni ya kuhifadhi data za wateja, kilichoko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja waliokuwa hawana nakala sehemu nyingine walipoteza data. Weka nakala ya pili kwenye fleshi, ikae nyumba nyingine.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Hata hivyo, faili likishasambaa, malalamiko hayalirudishi.

Namba ya simu nayo ichungwe. Laini isiyotumika hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, na kodi za kuingilia, yaani namba za siri zinazotumwa kwa simu ili uingie kwenye akaunti, zitamfikia yeye. Google hukupa kodi 10 za akiba za kutumia ukiikosa simu. Ziandike kwenye karatasi.

Mwisho, shusha kifurushi kwenye kifaa kingine na ukifungue, angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Kisha andika nenosiri lake, ulitie kwenye bahasha, umkabidhi mke, mume au ndugu unayemwamini. Kwa AES-256 hakuna ofisi ambako watoto wako wataenda kuomba wafunguliwe hati ya kiwanja.

Msomaji, Kigoma