Kufuatilia zabuni za AGPO: ushauri kwa maafisa wapya wa ununuzi

Kwa nyinyi mnaoanza kazi katika vitengo vya ununuzi vya taasisi za umma hapa Nairobi, fahamuni mapema kwamba ile asilimia 30 ya AGPO, mpango wa serikali ya Kenya wa kuyatengea makundi maalumu zabuni za umma, hupimwa kwa shilingi, wala si kwa wingi wa zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inaitaka kila taasisi itenge angalau kiasi hicho cha bajeti yake ya ununuzi kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukihesabu barua za zabuni pekee, utakuta wanawake wengi waliopewa kazi za chai ya mikutano, karatasi na usafi, ilhali ujenzi na mitambo vimekwenda kwingine, na ripoti yako itapendeza bure.

Cheti cha AGPO kinachotolewa na Hazina ya Taifa ni mwanzo tu wa uhakiki. Kampuni hustahili iwapo angalau asilimia 70 ya wanachama wake ni wa kundi husika na uongozi wote umo mikononi mwao. Kwa hiyo itisha CR12 ya karibuni, yaani hati rasmi ya usajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, usome majina na hisa, kisha ulinganishe nambari za simu na anwani zilizomo katika zabuni zote za siku hiyo. Nambari moja ikijitokeza kwa wazabuni watatu "tofauti", uliza kabla ya kutia sahihi. Mara nyingi mama aliyeandikwa mkurugenzi hajui hata bei iliyonukuliwa kwa jina lake.

Mwanamke mwenye umri wa miaka 28 anaingia katika makundi mawili. Mwandike mara moja, kwa kundi lililo kwenye cheti chake, ama jumla yako itafura.

Hata hivyo, safu ninayoithamini kuliko zote katika daftari ni ile ambayo wengi huiacha: tarehe ya malipo. Andika siku bidhaa zilipopokewa, siku ankara ilipofika na siku fedha zilipoingia benki, kwa sababu mfanyabiashara aliyekopa kwa kutumia LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, huendelea kulipa riba huku sisi tukimhesabu miongoni mwa walionufaika. Jaza safu hiyo kila wiki. Ripoti ya kila miezi sita kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma haiandikiki vizuri kwa kufukua majalada wiki ya mwisho ya Juni, wakati wahasibu nao wanafunga vitabu na hakuna anayepokea simu yako.