Toad Lane, Rochdale: kwa nini walimu wa ushirika wanautaja

Mkuu, umeuliza huo mtaa wa Toad Lane unaotajwa kila semina ya SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) uko wapi na una nini. Uko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, mji uliokuwa wa viwanda vya nguo. Kwenye jengo namba 31, usiku wa 21 Desemba 1844, wafumaji na mafundi waliochoshwa na mishahara midogo na unga uliochakachuliwa walifungua duka lao wenyewe la ushirika ghorofa ya chini, na ndilo walimu wa ushirika wanalolitolea mfano. Bidhaa zenyewe? Siagi kama kilo 13, sukari kilo 25, unga, shayiri na mishumaa. Basi! Mtaji ulikuwa pauni 28, kila mwanachama akichangia pauni moja kwa kudunduliza.

Kilichowabeba, kwa maoni yangu, ni gawio: faida iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya mtu, si ukubwa wa hisa zake. Na kila mwanachama kura moja.

Siku hizi mtaa ni kipande kifupi tu cha mawe, maana barabara na maduka mapya vilimeza sehemu kubwa. Namba 31 ni makumbusho tangu 1931, miaka miwili kabla ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kuanzishwa kule Moshi.