Bei ya London si bei ya gunia lako

Swali: Injinia, mimi na ndugu zangu tunachimba kasiteriti, mawe yenye bati, huku Kikagati, Isingiro, Uganda. Jamaa mmoja alikuja na mashine ya mkononi kama bastola, akaigusisha kwenye jiwe, ikasoma bati asilimia 71. Nimeangalia bei ya bati ya soko la London kwenye simu na kupiga hesabu ya kilo zetu 400. Mbona mnunuzi wa Mbarara hatupi hata nusu yake? Anatuibia?

Jibu: Pengine anawaibia. Lakini kwa namba hiyo hamtajua kamwe.

Hiyo 71 ni ya jiwe, siyo ya kilo 400. Kasiteriti safi, isiyo na hata punje ya mchanga, haifiki asilimia 79. Maana yake jiwe lilikuwa zuri sana, na ndiyo sababu alilichagua. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, hata mimi ninayo kwenye gari. Ila inasoma kieneo kidogo kama ukucha. Ukiipa jiwe moja, itakupa habari za jiwe moja.

Mwageni magunia yote juu ya turubai. Changanyeni kwa koleo, fanyeni rundo, ligaweni robo nne, bakizeni robo mbili zinazotazamana, kisha mrudie hivyo hivyo mpaka ibaki kama kilo moja. Hiyo ndiyo ikaushwe, isagwe iwe unga, ipelekwe maabara. Ya serikali iko Entebbe. Majibu yakisema asilimia 45, mna kilo 180 za bati. Hesabu ianzie hapo.

Na bei ya London ni ya mikuo iliyokwisha kuyeyushwa, yenye usafi wa asilimia 99.85. Mzigo wenu bado haujayeyushwa, na ukiuzwa nje huenda upande lori mpaka Mombasa, kisha meli kwenda Asia. Mwenye tanuri atakata gharama ya kuyeyusha, atakata unyevu, akikuta chuma au aseniki atakata tena. Mnunuzi naye hujilinda: Machi 2022 tani ilipita dola 50,000, na kabla mwaka haujaisha ilishashuka chini ya 20,000, huku mizigo ikiwa baharini. Tena msipokuwa na karatasi za kuonyesha shimo madini yalikotoka, anayewapokea huwalipa bei ya magendo.

Wanaonichosha ni hawa wenye bastola. Wamezagaa kuanzia Isingiro mpaka kwenye dhahabu ya Karamoja, wanatoza ada ya kupima, wanapiga picha ya skrini, wanaondoka. Hakuna hata mmoja niliyemwona akigawa rundo. Mtu akipima kabla hajashika koleo, msimlipe.

Mwezi uliopita mama mmoja alinionyesha picha kama yenu. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili anunue sehemu ya shimo. Jiwe lilikuwa kasiteriti kweli. Halikutoka kwenye shimo lile.